Mtetemo nasibu: "Mbona mkazo wangu ni mdogo hivi?"

"Nimechora breketi ya alumini kwa milimita kwenye programu ya kukokotoa mitetemo. Mkunjo wa PSD (unaoonyesha ukali wa mtetemo kwenye kila masafa) nilipewa kwa g² kwa hezi, ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, nikauzidisha kwa 9,810. Mkazo umetoka MPa 0.4. Nishangilie?"

Bado, ndugu yangu. Mkunjo wa PSD haubebi mchapuko mtupu, unabeba mraba wa mchapuko kwa kila hezi. Basi na g nayo lazima uizidishe mara mbili: 9,810 × 9,810, yaani 96,236,100. Wewe umeizidisha mara moja tu, kwa hiyo mkunjo wako una upungufu wa mara 9,810. Mkazo wenyewe ni kipeuo cha pili cha eneo lililo chini ya mkunjo, hivyo umepungua mara 99 hivi. Hiyo MPa 0.4 ni karibu 40.

Mara 99 ndiyo inayonitisha mimi. Kosa la mara elfu kumi ungelishtukia. Hili la mara mia linajifanya breketi imara na kupita mpaka kwenye ripoti. Wanaochora kwa mita huzidisha kwa 96.2, na namba hiyo ikiingia kwenye modeli ya milimita, majibu hupungua mara 1,000.

Kagua kwa mkono kwa kanuni ya Miles: π/2 × masafa asilia (yale ambayo kitu hutetemeka chenyewe) × Q (mara ngapi mtetemo unakuzwa kwenye masafa hayo) × PSD, kisha toa kipeuo cha pili. Mkunjo wa GEVS wa NASA, ule wa kupima vifaa vya anga, una 0.16 g² kwa hezi kati ya hezi 50 na 800. Kitu chenye masafa asilia ya hezi 200 na Q ya 10 kitapata g 22.4 hivi. Kwenye modeli ya milimita hiyo ni kama 220,000 mm/s². Programu ikikupa 2,200, unajua pa kutafuta.

"Fremu yangu ya chuma inatoa masafa asilia ya kwanza ya hezi 6. Kwa mkono napata 190."

Kosa liko kwenye densiti. Ukitumia milimita, newtoni na sekunde, tungamo inakuwa kwa tani, upende usipende, na chuma ni 7.85 × 10⁻⁹. Naamini umeandika 7.85 × 10⁻⁶, ambayo ni kilo kwa milimita ya ujazo. Tungamo imezidi mara 1,000, na masafa yameshuka kwa kipeuo chake cha pili, mara 31.6. Gawa 190 kwa 31.6 uone.

Programu nyingi hazijui kizio. Zinajua namba tu. Kabla ya kitu chochote, iulize tungamo ya modeli nzima. Fremu ya nusu kilo isome 0.0005. Ikisoma 0.5, umeunda fremu ya nusu tani.

"Programu yetu inataka radiani kwa sekunde badala ya hezi."

Zidisha mhimili wa masafa kwa 6.28, na thamani za PSD zigawe kwa hiyo hiyo 6.28, eneo lisibadilike. Ukigusa mhimili peke yake, majibu yanapanda mara 2.5.

"Kwenye ufifishaji, yaani kasi ya mtetemo kufifia, nimeandika 5, nikimaanisha asilimia."

Soma mwongozo wa programu yako. Kama inataka uwiano, andika 0.05, ambayo ndiyo Q ya 10. Ile 5 ni asilimia 500, na modeli yako haitetemeki, imezama kwenye lami.

"Hiyo MPa 40 ya swali la kwanza ndiyo mkazo wa juu kabisa?"

Hapana, ni sigma moja, yaani mchepuko sanifu mmoja; mkazo halisi huivuka mara kwa mara. Kwa kawaida tunazidisha kwa 3, tunapata 120, na hiyo ndiyo unayoilinganisha na nguvu ya alumini. Kwenye jedwali la ripoti usiandike "MPa 40" ikaishia hapo. Andika "MPa 40, sigma moja", maana atakayeisoma anaweza kudhani umeshazidisha.