Kipa wa pili anataka kuhama chuo

SWALI: Assalaam aleykum, kocha. Mwanangu yuko mwaka wa pili wa diploma hapa Mombasa, na katika timu ya chuo yeye ni kipa wa pili. Msimu mzima hajacheza hata mechi moja. Kila Jumamosi akirudi mimi huziangalia njumu zake: safi kama zilivyotoka, hata mchanga hazina. Sasa kuna chuo kingine kinamtaka, ila masomo huenda akayaanza upya. Binamu yake aliyeko Louisiana ndiye anayemtia moto, kila siku Joe Burrow, Joe Burrow, eti alihama chuo akachukua ubingwa wa Marekani. Mpira wa huko siujui. Nimwache ahame?
Mama wa kipa, Kisauni

JIBU: Waaleykum salaam, dada yangu. Njumu hizo nazijua. Mimi nilikaa benchi misimu miwili chuoni, namba tatu, na kabla ya kuingia nyumbani nilikuwa nikizisugua kwenye mchanga wa uani ili mama asijue. Kwa hiyo usimwambie mwanao kwamba ni mchezo tu.

Mpira wa huko ni ule wa kushika kwa mikono. Burrow ni kwotabeki, yaani mrushaji, na uwanjani huwa mmoja. Beki wa akiba anaweza kusogezwa upande mwingine, lakini kwotabeki wa pili, kama kipa wa pili, hana pa kwenda. Burrow alikaa chuo cha Ohio State miaka mitatu, akarusha pasi 39 tu. Mwaka 2017 akavunjika mkono mazoezini, na 2018 nafasi ikaelekea kwa kwotabeki mwenzake, Dwayne Haskins. Ndipo akaenda LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, kule Baton Rouge.

Hapo mpwa wako amesema kweli. Alichokiacha ni hiki: Burrow alihama akiwa ameshahitimu, shahada yake mkononi, Mei 2018. Na kwa kanuni za wakati ule, aliyehitimu alicheza papo hapo, lakini aliyehama katikati ya masomo kwa kawaida alikaa nje mwaka mzima.

Wala ubingwa haukuja mara moja. Msimu wake wa kwanza LSU ilipoteza mechi tatu, na yeye akatoa pasi 16 za tachidauni, yaani zilizodakwa na kufikishwa mstari wa mwisho wa wapinzani, kama bao kwetu. Mwaka 2019 akaja kocha kijana, Joe Brady, kutoka timu ya kulipwa ya New Orleans Saints, wakaanza kuwatawanya wapokeaji uwanja mzima. Pasi za tachidauni zikawa 60. Mechi 15, ushindi 15.

Ukitaka kumjua Burrow, mwambie mwanao akuonyeshe mechi na chuo cha Texas, Septemba 7 mwaka huo wa 2019, pale Austin. LSU inaongoza 37-31, zimebaki dakika mbili na kitu, wako jaribio la tatu kati ya manne na wanahitaji yadi 17 ili mpira ubaki wao. Timu nyingi hapo hukimbia na mpira ili saa isonge. Yeye walinzi wanamjia, akasogea hatua chache mbele, akamrushia mpokeaji wake Justin Jefferson, na Jefferson hakusimama mpaka mstari wa mwisho: yadi 61. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara naangalia ile miguu yake. Haina haraka hata kidogo.

Fainali ya vyuo dhidi ya chuo cha Clemson ilichezwa New Orleans Januari 13, 2020, huku kwetu ikawa saa kumi alfajiri ya tarehe 14. Nilikaa na birika la kahawa. Clemson hawakuwa wamefungwa mechi 29, na adhana ilipolia walikuwa mbele 17-7. Nikaenda msikitini moyo mzito. Kurudi, nakuta 28-17, LSU inaongoza. Ikaisha 42-25, na jua limeshatoka Mombasa.

Sasa mwanao. Mimi nilihama katikati ya mwaka, dada. Chuo nilichokwenda hakikuyahesabu masomo niliyokwisha soma, nikaanza upya, karo ikamshinda baba, nikatoka bila cheti. Kucheza nilicheza, mechi zote za msimu ule. Lakini cheti nakitaka mpaka leo.

Kwa hiyo nenda naye mwenyewe, si kwa simu, mpaka ofisi ya usajili ya hicho chuo kipya. Ulizeni masomo gani watayakubali, na jibu walitie kwenye karatasi yenye muhuri. Wakiyakubali yote, mwache aende na umpe baraka zako. Wakisema "tutaona", amalize diploma kwanza. Kipa wa miaka ishirini na kitu bado ni mtoto, makipa huchelewa kukomaa.

Na wakati anangoja asikae bure. Amwombe kocha wake mechi za kirafiki, hata kipindi kimoja. Krosi pia, maana kipa asiyecheza hupoteza kwanza kupima mpira wa juu, na hilo halirudi kwa kudaka mashuti ya wenzake kabla ya mechi. Vijana wangu hufanya mazoezi Tononoka kila Jumapili saa moja asubuhi. Aje, nitampigia krosi mwenyewe mpaka jua liwe kali.