Salio Lililofichwa Nusu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika programu ya Java kwa ajili ya SACCO yetu hapa Mbale. Katika klasi ya Akaunti, yaani kiolezo cha akaunti zote, nimekifanya kigeu cha salio (mahali namba yake inapotunzwa) kuwa «private», kisiguswe kutoka nje ya klasi, kisha nikaongeza methodi mbili, yaani kazi ambazo klasi huweza kufanya: somaSalio na wekaSalio. Mwenzangu anasema sijaficha chochote. Je, anasema kweli? Tena, methodi yangu ya kuhamisha fedha inagusa salio la akaunti nyingine moja kwa moja, na kompaila, programu inayokagua na kutafsiri nilichoandika, haikatai. Siri iko wapi?

JIBU: Mwenzako anasema kweli. Methodi ya wekaSalio inayopokea tarakimu yoyote na kuiandika bila kuihoji haitofautiani na kigeu kilichoachwa wazi, kwa kuwa yeyote anayeandika sehemu nyingine ya programu anaweza kulishusha salio la mwanachama chini ya sifuri bila kuzuiwa. Iondoe. Badala yake andika weka na toa, shughuli ambazo hata mweka hazina wenu anazijua: ya kwanza ikatae kiasi kisichozidi sifuri, ya pili ikatae pia kiasi kinachozidi salio. Hapo kanuni za akaunti zitakaa mahali pamoja, na siku hesabu zikipotoka mtajua pa kuanzia kutafuta. Zaidi ya hayo, mkiamua baadaye kwamba salio lisihifadhiwe kama namba bali lijumlishwe kutoka orodha ya miamala, wanaoiita somaSalio hawatahitaji kubadili hata mstari mmoja. Hilo ndilo alilolisisitiza mwanasayansi wa kompyuta David Parnas mwaka 1972, kwamba moduli, yaani sehemu moja ya programu, ifiche uamuzi unaoelekea kubadilika, nami naliona kuwa na uzito kuliko neno «private» lenyewe.

Kuhusu kompaila, mpaka wa «private» katika Java ni klasi, si kila akaunti peke yake, ndiyo maana akaunti mbili za klasi moja huonana kwa ndani. Smalltalk, lugha nyingine ya programu, kinyume chake, huifungia kila akaunti vigeu vyake. Hata hivyo nakusihi kuhamisha kupitie toa ya akaunti moja na weka ya nyingine, usije ukaziruka kanuni ulizozitunga mwenyewe.

Wala usiitegemee «private» kulinda akiba za wanachama dhidi ya wezi. Inazuia makosa ya waandishi wa programu, lakini aliyeingia kwenye hifadhidata husoma masalio yote bila kuigusa klasi yako. Huko mnahitaji nywila na ruhusa za kila mtumiaji.