Mama, mbona maua yakichanua Japani wanaimba kuagana?

SWALI: Shikamoo Mama. Naipenda roki ya Kijapani tangu nilipoanza kutazama katuni zao. Mwaka huu nimetafuta nyimbo za majira ya machipuko nikitarajia shangwe, maana baridi imekwisha na maua yanachanua. Lakini kila nikifuatilia maana ya maneno, nakuta watu wanaagana. Nimechagua vibaya, au ndivyo zilivyo? (Msomaji, miaka 19)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujachagua vibaya, umesikia sawasawa. Nyimbo nyingi za machipuko kule ni za kuagana, na sababu ukaitafute kwenye kalenda kabla ya kuitafuta mtini.

Japani mwaka wa shule unafungwa Machi na kufunguliwa Aprili. Mwaka wa serikali unaanza Aprili mosi, na kampuni nyingi hupokea waajiriwa wapya siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mwishoni mwa Machi nchi nzima iko njiani: huyu kahitimu, yule kahamishiwa kazi mji mwingine, na lori la kubeba vyombo kulipata ni kazi. Katikati ya pilikapilika hizo ndipo sakura, yaani miti ya mcheri, za Tokyo na Kyoto zinapochanua. Mti ukishajaa maua, hukaa nayo kama wiki moja, na upepo au mvua ikija mapema, hata wiki haifiki. Mtu anafunga mizigo, anatazama dirishani, anaona maua nayo yanaondoka.

Mimi nilisoma Kyoto. Machi yangu ya kwanza kule, dada wa chumba cha jirani alikuwa amemaliza chuo na amepata kazi Sapporo, mji wa mbali kaskazini. Siku mbili mfululizo nilisikia kupitia ukutani utepe wa gundi ukivutwa na kukatwa, ukivutwa na kukatwa, akifunga maboksi. Asubuhi ya kuondoka alinigongea mlango akiwa na sufuria ya umeme ya kupikia wali na diski moja yenye ufa kwenye kasha. Ilikuwa "Sakura no Kisetsu", yaani Msimu wa Sakura, ya bendi ya Fujifabric. Akaniambia niisikilize miti itakapobaki na majani tu. Sikuweza kungoja. Niliiweka usiku uleule, na chumba cha pili kilikuwa kimya.

Anza na huo, mwanangu. Ulitoka tarehe 14 Aprili 2004, ukiwa wa kwanza katika nyimbo zao nne zilizogawanywa kwa majira manne ya mwaka. Aliyeutunga na kuuimba ni Shimura Masahiko, kijana wa Fujiyoshida, mji ulio chini ya mlima Fuji. Anauliza: sakura zikipita, utakwenda mji wa mbali? Jibu halipati. Chini ya mteremko mikono inapungwa, gari linapotea. Analifukuza, anakata tamaa, anasimama palepale. Halafu kuna ile barua, ambayo ndiyo inayonishika hadi leo: anasema ataiandika kwa upendo, anaijaza hadithi za kubuni, kisha anairudia kuisoma na kuguswa yeye mwenyewe. Nani hajawahi kuandika barua ya namna hiyo? Na muziki wake si wa maombolezo hata kidogo, unasonga mbele kama mtu aliyekwisha kuamua jambo. Shimura alifariki tarehe 24 Desemba 2009, akiwa na miaka 29 tu. Kila Aprili nikiusikia wimbo huu, lile swali lake kuhusu mji wa mbali linanijia kwa uzito mwingine.

Ukitaka kuona desturi hii imetoka wapi, rudi hadi 1970, kwenye albamu ya kwanza ya bendi ya Happy End, enzi ambazo wanamuziki walikuwa wanabishana kama roki inaweza kuimbwa kwa Kijapani hata ikaleta maana. Wimbo unaofungua albamu hiyo ni "Haru yo Koi", Machipuko, Njoo. Kijana aliyeondoka kwao anakumbuka mwaka mpya wa nyumbani, familia imekaa kuizunguka meza ya joto, wanakula supu ya sikukuu na kucheza karata. Sasa yuko peke yake, na anaita majira yaje. Maua hayamo. Kuna kungoja tu, na mimi nauhesabu kuwa wimbo kamili wa machipuko.

SWALI: Mama, nimesoma kwamba "Sangatsu Kokonoka" ya bendi ya Remioromen ilitungwa kwa ajili ya harusi. Mbona kila ninapoukuta wanaouimba ni wanafunzi wanaohitimu? (Mwalimu wa kwaya)

JIBU: Yote mawili ni kweli, mwalimu. Jina la wimbo maana yake ni Tarehe 9 Machi, na ndiyo siku aliyofunga ndoa rafiki wa vijana hao watatu. Wakamtungia wimbo, nao ukatolewa tarehe hiyo hiyo ya mwaka 2004. Tatu kwa Kijapani ni "san" na tisa ni "kyuu". Ziseme pamoja haraka uone kama hujasikia Mwingereza akishukuru.

Mwaka 2005 ukaingia katika tamthilia ya televisheni kuhusu msichana wa sekondari mwenye ugonjwa unaomnyang'anya mwili wake kidogo kidogo, na wanafunzi wenzake wakamwimbia. Tangu hapo mashule yakauchukua. Wala halikuwa jambo la ajabu, kwa sababu maneno yake hayataji pete wala bibi harusi. Yanasema nikifumba macho wewe umo ndani ya kope zangu, na kwa hilo nimepata nguvu kiasi gani. Maneno hayo mke anaweza kuambiwa, na rafiki wa dawati moja pia. Kwaya yako ikiujaribu, usiwaruhusu wapaze sauti mwanzoni. Wimbo unapanda wenyewe.

Jambo moja zaidi kwa kuwa wewe ni mwalimu na utalipenda: Remioromen nao ni vijana wa Yamanashi, mkoa uleule wa Shimura. Wimbo wao na "Sakura no Kisetsu" wa Shimura zilitoka machipuko ya mwaka mmoja, zikipishana wiki tano.

SWALI: Mama, mimi machozi sitaki. Nipe wa kuendeshea baiskeli. (Msomaji)

JIBU: Bendi ya Spitz, basi. "Robinson" ya Aprili 1995 ina baiskeli ndani yake, inapita njia ya kando ya mto na mtu anaifuata. Nisikufiche kwamba sentensi ya kwanza kabisa inasema majira mapya yana uchungu fulani usioelezeka, ila gitaa linavyochezwa, miguu itakanyaga yenyewe.

Halafu "Cherry", ya tarehe 10 Aprili 1996. Humo kuna maneno ambayo kwa muda mrefu niliyapita bila kuyaelewa: mchanga wa njano unaovuka ndoto. Nilidhani ni ushairi tu. Mpaka asubuhi moja ya machipuko nilipotoka nje na kukuta kiti cha baiskeli yangu kina vumbi laini la rangi ya manjano, nikapitisha kidole likabaki mstari. Mwenye nyumba alikuwa ameshaanua nguo zake kambani. Akanieleza kwamba ni mchanga wa majangwa ya China na Mongolia, upepo huuinua na kuuvusha bahari hadi Japani, na machipuko ndiyo msimu wake. Nilikaa juu ya kiti kile kile chenye vumbi nikauweka wimbo upya. Mbele kidogo mwimbaji anazungumzia wimbo alioukatakata akijifanya shetani, ambao sasa unageuzwa kuwa petali zinazocheza katika upepo wa machipuko. Huo ni wimbo wa furaha, kwa kipimo changu.

Ukichoka kukanyaga, weka "Haru Kaze" ya Kururi, ya mwaka 2000. Bendi hiyo ilizaliwa chuo kikuu cha Ritsumeikan, Kyoto, na wimbo huo hauna haraka ya kufika popote.

SWALI: Na wa miaka hii ya karibuni? (Yuleyule wa miaka 19)

JIBU: "Haru Dorobou" ya kundi la Yorushika, Januari 2021. Mtunzi ni n-buna, mwimbaji suis. Maana yake Mwizi wa Machipuko, na mwizi ni upepo. Usiukate kabla haujaisha, kwa sababu mwishoni wanahesabu: yamebaki maua mawili, limebaki moja, kisha yamebaki majani tu. Mwaka juzi nilipita Kyoto mwezi Mei, sakura za kando ya mto Kamo zikiwa za kijani kibichi kabisa. Nikakaa chini ya mmoja, nikausikiliza huo, kisha ile ya dada wa Sapporo, wakati alioniagiza.