Walker alijifungia mlango mwenyewe
Unauliza kwa nini Gavana Scott Walker hakudai kura zihesabiwe upya aliposhindwa ugavana wa jimbo la Wisconsin, Marekani, 2018, ilhali pengo lilikuwa dogo vile. Hakuruhusiwa, ndugu. Sheria ya jimbo inataka tofauti isizidi asilimia 1, naye alipitwa na Tony Evers kwa takriban 1.1, yaani kura kama 29,000 hivi. Na sheria hiyo aliitia saini yeye mwenyewe 2017, baada ya mgombea urais wa chama cha Kijani, Jill Stein, kulazimisha hesabu upya ya kura za urais za 2016! Walker alikuwa anatafuta muhula wa tatu. Aliyemng'oa alikuwa mwalimu zamani, na walimu walikuwa na kinyongo na Walker tangu alipovikata makali vyama vyao vya wafanyakazi 2011.