Meno ya mbele yamelika: azibwe au avishwe kofia?

Dada, nimekuelewa: mama ana miaka 68, meno mawili ya mbele yamelika ncha, moja limemeguka, nawe unauliza kama yanazibika au lazima avishwe kofia, yaani ganda gumu la kufunika jino zima. Mara nyingi yanazibika, mradi mizizi iwe imara na fizi ziwe nzima. Yangu yalijengwa kwa kompositi, ule ujiuji wa rangi ya jino: daktari alipaka asidi, akaosha, akakausha, akapaka gundi, kisha akajenga tabaka za kama milimita 2, kila moja akiimulika kwa taa ya buluu mpaka igande. Kikao kimoja tu, na jino halikuchongwa sana. Ndiyo maana mimi ningeanzia hapo kabla ya kofia.

Ila ulizeni kwanza kilichoyala. Kama anasaga meno usingizini, bila kinga ya kuvaa usiku yatameguka tena. Langu moja liliondoka hivyo, nikaliokota kwenye mto! Kama ni asidi inayopanda kutoka tumboni, nayo itibiwe. Aende pia na orodha ya dawa zake, maana nyingine hukausha kinywa na meno huoza haraka.

Jino likianza kuuma lenyewe usiku, msisubiri. Uso ukivimba na homa juu, hospitali siku hiyo hiyo.