Ukialikwa Nyumbani Meksiko, Nenda na "Con Permiso"

Ukiwa na muda wa kujifunza neno moja tu la Kihispania kabla ya kwenda kwa watu Meksiko, liwe con permiso, yaani "kwa ruhusa yenu". Hiyo ndiyo hodi yao, ila haiishii mlangoni. Mwenyeji amekwisha kufungua, anakuambia pásele (pita ndani), nawe unasema con permiso ndipo uvuke kizingiti. Ukipita mbele ya waliokaa sebuleni, con permiso. Ukiinuka mezani kabla ya wenzako, con permiso, nao watakuruhusu kwa kujibu propio au adelante. Nilipoishi na familia moja huko Puebla nililisikia kutwa, hata kwa watoto wadogo.

Matamshi yasikutishe. Irabu zao ni tano, zinasomeka kama zetu.

Ndani, salimia kila mtu, mmoja mmoja: buenas tardes mchana, buenas noches giza likishaingia. Wazee waite usted, "wewe" ya heshima, mpaka wenyewe wakuambie háblame de tú, yaani uwaite tú, "wewe" ya kawaida (h haitamkwi). Mzee akisema jambo usilisikie, usimjibu qué (nini), ni ukavu. Sema mande, kwa upole. Nyumba niliyokaa, bibi alikuwa akiisikia mande uso wake unachangamka.

Mlo mkuu huliwa alasiri, aghalabu kati ya saa nane na saa kumi. Watakie heri wenzako kwa kusema provecho. Sasa jiandae: sahani ikikaribia kuisha, mama mwenye nyumba atakuongezea mole, mchuzi mzito wa pilipili, na tortilla, chapati za mahindi, za moto. "No" kavu humvunja moyo aliyehangaika jikoni tangu asubuhi. Mwambie: Muchas gracias, estuvo muy rico, ya quedé satisfecho (asante sana, kilikuwa kitamu, nimeshiba), mwanamke aseme satisfecha. Atakukazania tena. Rudia hayohayo ukitabasamu, ataelewa.

Na hili lazima ulijue mapema: mwenyeji akikuambia los esperamos el domingo en su casa (tunawasubiri Jumapili nyumbani kwenu), anakualika kwake Jumapili, wala hasemi kwamba anakuja kwako. Kwa heshima, nyumba yake anaiita yako. Nimewaona wageni wakibaki nyumbani kwao kusubiri watu waliokuwa wamewapikia.

Kuaga kuna kazi yake. Ukishasema bueno, ya me retiro (haya, naondoka), utashikwa na mazungumzo mengine hadi mlangoni, basi anza kuaga mapema kidogo. Waage wote, usiteleze kimyakimya. Kesho yake tuma ujumbe mfupi: Gracias por todo, la pasé muy bien (asante kwa yote, nilifurahi sana).