Baba kaacha kupanda miche yake

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Baba anastaafu mwezi ujao akiwa na miaka 60. Kasikia redioni kwamba wastani wa umri wa kuishi nchini ni miaka sitini na kitu, na tangu siku hiyo hataki kupanda miche ya parachichi aliyokwisha kuinunua. Hao wataalamu wanajuaje mtu atakufa lini? – Binti, Njombe

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwambie baba apande. Wastani ule ni wa mtoto anayezaliwa leo, na ndani yake wamo vichanga wanaofariki. Watoto wawili, mmoja afe siku ya kwanza, mwenzake afike 80: wastani ni 40, na hakuna aliyekufa na 40. Baba ameshavuka surua na malaria ya utotoni. Yake huhesabiwa kuanzia hapo alipo.

Kukadiria vifo vijavyo ni kuuvuta mstari wa jana uende kesho. Wamarekani Ronald Lee na Lawrence Carter, mwaka 1992, walichukua vifo vya kwao vya 1933 hadi 1987, wakapima vinapungua kwa kasi gani katika kila umri, wakaufuata mwelekeo huo mbele. Kwao vifo huandikishwa. Kwetu wengi huzikwa bila karatasi, kwa hiyo tunawauliza akina mama: umezaa wangapi, wangapi wako hai? Kutokana na majibu hayo hukadiriwa vifo vya watoto, kwa mbinu ya William Brass, aliyewahi kufanya kazi ya takwimu Nairobi.

Swali hilo nimeliuliza mwenyewe, nikiwa karani wa sensa mkoani Kagera, Agosti 1988. Bibi mmoja alihesabu kwa vidole: sita. Nikaandika. Nafunga dodoso, akanishika mkono: "Na yule ambaye hakuwahi kupewa jina?" Nikafuta, nikaandika saba. Hadi leo nawaza ni nyumba ngapi niliondoka mapema.

Nyumba ile alikuwamo yeye na wajukuu watano, basi. Wazazi wao hawakuwapo. Ukimwi ulikuwa umegunduliwa Kagera tangu 1983, na hakuna mstari wa miaka ya 1970 uliouonyesha. Umri uliotarajiwa kupanda ukashuka miaka ya 1990. Baadaye ARV zikaupandisha, nazo pia hazikuwamo kwenye makadirio ya zamani.

Parachichi la kupandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Miche isikaukie kwenye viriba. Mvua zikishika tu, baba aitie ardhini.